Siku saba kumfuata mnana wa Kilombero na kamera ya mtumba

Kwanza niseme mi sio mpiga picha wa kulipwa, mi fundi simu hapa Dar. Kamera nilianza baada ya mteja mmoja kushindwa kulipa deni akaniachia Canon 80D, nikawa napiga kunguru wa kwenye nyaya za umeme na yangeyange wa dampo, baadae nikanunua lenzi ya Sigma 150-600 mtumba na hapo ndo wife akaanza kuniuliza hilo dude bei gani, mpaka leo sijamjibu ukweli. Lina karibu kilo mbili lenyewe tu bila kamera.

Sasa kuna ndege alikuwa ananinyima usingizi, mnana wa Kilombero. Ukimwangalia haraka haraka ni mnana wa kawaida tu, njano, uso mweusi kama kachungulia kwenye sufuria la masizi, ila duniani kote anapatikana bonde la Mto Kilombero basi. Wataalamu wamemjua 1986 pale kivukoni Ifakara na jina la kisayansi kapewa 1990. Yaani 1986 Simba na Yanga zimeshafungana weee, huyu bado hajulikani! Nikasema Januari hii naenda, na kwa kuwa Mikumi na Udzungwa ziko njia ileile nazipitia hukohuko.

SIKU YA 1

SGR asubuhi mpaka Moro, 13,000. Treni inafika mpaka 160 kwa saa na mi nikajifanya mjanja nikatoa kamera dirishani maeneo ya Ruvu, nimeona korongo wamesimama majini, nikapiga kama picha 40, zote ukungu wa kijani na kivuli cha uso wangu kwenye kioo. Nikaifunga nikalala.

Msamvu nikapata basi la Iringa. Konda akataka begi liende kwenye buti nikamwambia braza hili ni kichanga, halilali chini, akacheka akaniacha nilipakate. Barabara kuu ile inakata katikati ya hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50 hivi, kwa hiyo hata ukiwa na nauli ya basi tu unaona wanyama bure, ila hakikisha umekaa dirishani. Tukakuta tembo watano pembeni kabisa ya lami, basi zima likahamia upande mmoja, mama mmoja kanikalia na lenzi yangu, na dereva hakusimama. Nilichopata ni sikio la tembo na bega la yule mama.

Nimelala gesti Mikumi mjini. Usiku nikaandaa mfuko wangu wa maharage. Kwa wasiojua, ni mfuko tu nimeshonewa na fundi cherehani kwa jinzi kuukuu, unajaza maharage kilo tatu unafunga, ukiuweka kwenye dirisha la gari lenzi inalala juu yake haitikisiki. Stendi ya miguu mitatu ndani ya gari haina kazi yoyote, mfuko wa maharage ndo baba lao.

SIKU YA 2

Kukodi gari peke yangu ningefilisika, bahati gesti nikakutana na vijana watatu wa chuo, tukachangishana Land Cruiser moja kwa siku nzima. Tatizo lilianza hata geti hatujafika. Wao wanataka simba. Mi nataka ndege. Dereva akasema "mzee wa ndege utakaa siti ya nyuma kabisa, ukiona kindege chako gonga bati mara mbili nasimama dakika tano, zikiisha naondoka." Tukakubaliana.

Januari Mikumi nyasi ziko juu, kijani kibichi, wanyama wanapotelea humo unaona masikio tu. Watu wengi wanasema msubiri kiangazi. Kwa wanyama ni kweli, ila kwa ndege mi naona Januari ndo utamu wenyewe maana wale wageni waliokimbia baridi Ulaya wote wako huku. Uwanda wa Mkata tulikuta korongo weupe wamejaa kwenye nyasi wanaokota panzi, na ndege wanaoitwa rola wa aina mbili juu ya vichaka, yule wetu wa kifua cha zambarau ambaye kila mtu anamjua hata kama hajui jina, na yule wa Ulaya wa kichwa na kifua cha bluu. Wetu mzuri zaidi. Sio uzalendo, mtazameni wenyewe.

Nikagonga bati. Rola amekaa kwenye kijiti kikavu kama mita 15, jua liko mgongoni kwangu. Picha ya amekaa nilipata sekunde ya kwanza, ila picha ya rola amekaa kila mtu anayo, utamu wake ni akifungua mabawa, zile bluu za chini ndo utasema kapakwa rangi ya gari. Nikaweka spidi ya shata 1/2000 ya sekunde nikasubiri. Dakika tano zikaisha. Kijana mmoja akaguna. Nikawaambia jamani subirini anye. Wakanishangaa. Ni kweli lakini, ndege wengi kabla ya kuruka wanapunguza mzigo kwanza, ukiona ametoa na ameinama mbele bonyeza hapohapo usingoje kumuona anaruka, ukingoja umechelewa. Dakika ya nane akanya, nikabonyeza, nikapata picha saba, sita bawa limekatwa na fremu na moja iko kamili. Toka hapo wale vijana wakawa wanapiga kelele gari zima, "bro anakunya huyu, anakunyaaa!" hata kwa twiga.

Simba tuliwapata saa saba mchana, majike mawili chini ya mti mbali kidogo, kama mita 80. Vijana wakafurahi na simu zao. Mi nilipiga picha nyingi tu na nilijua hazitafaa hata kabla sijaziangalia, mchana ule ardhi imechemka na hewa inacheza kama juu ya jiko la mkaa, lenzi ndefu inavuta na yale mawimbi ya joto pia, simba anatoka kama kachorwa kwenye maji. Zamani nikipata picha za hivyo nilikuwa nalaumu lenzi, nikaipeleka mpaka kwa fundi. Haina kosa. Ama sogea karibu ama njoo saa kumi na mbili asubuhi, hakuna dawa nyingine, na bei ya lenzi haisaidii.

Ila kilichoniuma siku hiyo ni nyani. Tumesimama kula, mfuko wangu nimeusahau juu ya dirisha, dume moja likaja bila haraka yoyote, likaukumbatia kama mama aliyebeba mtoto, likapanda nao mtini. Kule juu likautoboa. Maharage yakaanza kunyesha, ukoo mzima ukaja kuokota chini. Dereva akasema leo wamepata na mboga. Nilitaka kutupa jiwe akanizuia, na kweli lile ni kosa langu, chakula hakiachwi wazi hifadhini na maharage ni chakula. Mfuko uliporudi chini ulikuwa na tundu la ngumi. Na picha za tukio zima sina, maana nilikuwa nimeshika chapati.

Jumla picha 1,140. Nimebakiza tisa.

SIKU YA 3

Mvua. Basi la Mikumi kwenda Mang'ula, tukavuka Ruaha Mkuu pale Kidatu, miwa kushoto miwa kulia mpaka unachoka, halafu milima ya Udzungwa inasimama ghafla upande wa kulia imejifunika mawingu. Nimefika, nimekula wali samaki, nimefuta vumbi kwenye kamera (msipulize kwa mdomo, mate yanaingia, tumieni kile kipira cha kupulizia), nimeshona tundu la mfuko kwa sindano ya kuazima. Basi.

SIKU YA 4

Udzungwa hakuna barabara ya gari ndani, ni miguu tu, na lazima uende na mwongozaji. Wangu alikuwa mtu mzima anatembea kama anaenda dukani huku mi nahema kama pampu ya baiskeli. Tulichukua njia ya maporomoko ya Sanje, maji yanaanguka jumla kama mita 170 kwa hatua, ukifika juu unaona mashamba ya miwa mpaka upeo wa macho.

Wapenzi wa picha naomba mnielewe hapa, msitu wa mvua ni giza. Sio giza la usiku, macho yako yanaona vizuri tu, ila kamera inalia. Lenzi yangu ukivuta mpaka 600 tundu lake la mwanga linafunguka mwisho f/6.3, nikapandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) mpaka 6400 na bado spidi nikapata 1/125, na mbega hajui habari za 1/125. Mbega wekundu wa huku wanapatikana milima hii na misitu ya bonde la Kilombero tu, wana kofia ya nywele nyekundu kichwani kama wamepaka hina, wanaruka mti kwa mti juu kabisa na nyuma yao ni anga jeupe, kwa hiyo wanatoka weusi tii kama kivuli cha ukutani. Nikajifunza kuongeza mwanga mara nne ya kile kamera inachotaka, anga likaungua likawa jeupe lote ila uso ukaonekana. Bora hivyo, anga sikuja kulipiga picha.

Tukiwa tumekaa kunywa maji ikatoka sauti bondeni, kama mtu anaita halafu anabubujika. Mwongozaji akanyanyua kidole. "Ng'olaga." Huyu ni nyani wa msituni ambaye wataalamu wa nje wamemjua 1979 hapahapa Sanje, wenyeji wao walishampa jina tangu enzi za mababu. Mwongozaji akasema "walisikia sauti wakauliza nini hicho, wakaambiwa ng'olaga, wakaandika wamegundua." Akacheka mwenyewe. Tukakaa kimya kama nusu saa, miba inanichoma makalioni, wakapita chini yetu kundi zima, nilikuwa nasikia majani tu, halafu mmoja akatokea kwenye kauwazi kadogo akageuka akanipa mgongo. Nina picha nne za mgongo wa ng'olaga. Moja ina mkia mzuri kweli.

Ndege wa msituni nimewasikia wengi nimemuona hondohondo tu, na huyo akiwa anaruka mabawa yanalia fwa fwa fwa kama feni mbovu. Jioni kushuka magoti yaligoma.

SIKU YA 5

Ifakara. Kitu cha kwanza nilienda sokoni nikanunua mchele kilo tatu nikajaza mfuko, maana kama kuna mahali duniani pa kujaza mfuko mchele ni hapa. Muuzaji akauliza "unapika wapi kaka?" nikamwambia sipiki nauweka kamera juu yake, akaniangalia kama mgonjwa.

Bodaboda mpaka mtoni, pale zamani palikuwa na kivuko na sasa kuna lile daraja refu lililofunguliwa 2018. Sijakaa sawa mlinzi akaja, "unapiga picha daraja?" Nikamuamkia, nikamuonyesha picha za ndege kwenye kioo cha kamera moja baada ya nyingine, alipofika kwa nyani na mfuko wa maharage (dereva alinitumia ya simu yake, nikamuonyesha kwenye simu) akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia shuka chini kwa wavuvi, huko juu usisimame na lile bomba lako. Haki yake kabisa, na nawashauri pale muanze kujieleza kabla hamjaulizwa.

Chini nikampata babu mmoja mwenye mtumbwi. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, unatafuta nini. Nikamuonyesha mnana kwenye simu. Akaichukua akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu? Huyu si anatumalizia mpunga? We umetoka Dar kumfuata huyu?"

Nikamuelezea kwamba huyu babu hayuko Kenya, hayuko Mbeya, hayuko hata Moro mjini, yuko kwenye bonde lenu tu. Akanyamaza. Akasema "sasa huko kwingine mpunga wao anakula nani?"

Tukaingia mtoni saa kumi jioni na nikafeli. Upepo ulikuwa mkali, matete yanalala kulia yanalala kushoto, ndege anaingia anatoka, kamera inashika fokasi ya tete la mbele badala ya ndege, na mtumbwi nao unazunguka. Halafu kuna minana wengine wa njano humohumo, wa koo la kahawia, nimewapiga hao picha mia kwa furaha kabisa kumbe sio. Usiku gesti nikavuta picha moja moja, nikahesabu wangu mwenyewe yule mweusi wa uso wako 11, wote hawana kichwa au wana tete machoni. Nimelala na hasira.

SIKU YA 6

Saa kumi na mbili kasoro niko mtoni. Maji kama kioo, upepo hakuna, ukungu kidogo unanyanyuka. Babu akanipeleka sehemu nyingine ambayo kuna viota kama ishirini vimening'inia kwenye matete juu ya maji, madume yananing'inia chini ya viota yanapiga mabawa na makelele kama stendi. Kiota kimoja kilikuwa karibu kabisa ila matete mawili yamekikinga. Babu akatoa panga. "Nikukatie hayo?"

Nikasema babu hapana. Akashangaa, akasema matete si yanaota. Nikamwambia yanaota, ila leo hii ukiyakata kiota kinabaki wazi, jua linaingia, kunguru anaona, makinda yameisha kabla hayo matete hayajachipua. Watu wanafanya hivyo sana, unaona picha safi ya ndege na kiota hakuna hata jani mbele, jiulize majani yalienda wapi. Babu akarudisha panga akasema basi tusogee sisi. Akachomeka upondo kwenye tope akaufunga mtumbwi, tukawa tumekaa kama mita 12 kutoka kwenye tete moja lililoinama peke yake pembeni, nje ya viota. Nilikuwa nimeona dume linapita palepale kila likirudi na jani mdomoni.

Nikaweka mfuko wa mchele kwenye ukingo wa mtumbwi, lenzi juu, fokasi nukta moja tu ya katikati, 1/1250, f/7.1, ISO 800. Shida ya huyu ndege ni kwamba uso mweusi na jicho linapotelea humo, bila jua kumpiga usoni unapata ndege asiye na macho. Kwa hiyo nilikuwa nasubiri vitu vitatu kwa pamoja, atue pale, ageuke upande wa jua, na mtumbwi utulie. Alitua mara ya kwanza kanipa mgongo. Mara ya pili babu akakohoa. Halafu kimya kirefu, mdiria akaja akatua kwenye tete langu akala samaki wake akaondoka, furukombe akapiga kelele ng'ambo, mguu wangu mmoja ukafa ganzi.

Tukawa tunapiga stori kwa kunong'ona. Babu anasema zamani akivua alikuwa anaona sheshe (aina ya swala) wanakuja kunywa maji, sasa hivi miaka hajaona, mashamba yamesogea, ng'ombe wamekuja wengi, mpaka uende ndani sana. Hili bonde liliwekwa kwenye orodha ya ardhioevu za kimataifa za Ramsar mwaka 2002 na humu ndani bado wanapata viumbe vipya, kuna vindege viwili vya kahawia vya kwenye majani vimepewa jina la kisayansi 2021 juzi tu. Nilimwambia babu hivyo. Akasema "wangekuja kutuuliza."

Saa moja na dakika arobaini hivi akatua. Jani la kijani refu mdomoni, ameshika tete kwa miguu yote kiubavu, akageuza kichwa kwenye jua na kwenye weusi ule kikatokea kidoti cha mwanga jichoni. Nilibonyeza mfululizo nikasahau kupumua. Sekunde mbili, hazizidi. Akaenda.

Picha 14. Nne safi, moja ni ile. Nikamuonyesha babu kwenye kioo nikavuta karibu. Aliangalia muda mrefu, nikadhani haoni vizuri. Akasema "mi nimemfukuza huyu toka mtoto na teo, sijawahi kuona miguu yake." Akaniomba nimrudishie tena. Nimeahidi kumsafishia picha nimtumie kwa basi, na nishasafisha mbili, moja yake na moja ya yule mlinzi wa darajani maana naye kataka.

SIKU YA 7

Basi la Ifakara mpaka Dar, siku nzima kasoro kidogo, jirani yangu kabeba kuku wawili ambao walikuwa wastaarabu kuliko abiria wengi. Mikumi tulipita jua kali, tembo hakuna.

Nimefika usiku. Wife akafungua begi akauona mfuko wa jinzi, akaunusa, akasema mchele wa Ifakara huu unanukia hivi na we unaukalishia kamera? Akaumimina kwenye ungo, akapepeta, nikakuta uzi wa jinzi mmoja tu. Wakati unaiva nikamletea kamera, nikamuonyesha ile picha, nikamueleza yote, mtumbwi, matete, 1986, duniani kote ni pale tu. Akaishika, akaikodolea.

"Si ndo hawahawa wa kwenye mnazi wa jirani?"

Nikaanza kumueleza tofauti ya uso. Akaenda kuangalia wali.